Akisikia Radi, Kaeni Naye

Januari hii nilikuwa nimekaa sakafuni na mkasi, gundi na madaftari kumi na moja ya binti yangu, nayafunika kwa kaki, mara nikajikuta nalia kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Mume wangu akachungulia mlangoni, akadhani nimejikata kidole. Sikujikata. Ni harufu. Kaki mpya ina harufu ya vumbi kavu na unga uliokaa guniani, na mimi harufu hiyo haijawahi kunipeleka shule hata siku moja. Inanipeleka jikoni kwa mama, juu kwetu migombani, mwaka ule ambao sikuelewa jambo hata moja sawasawa. Wenzangu wa rika langu mliokulia mlimani mtanielewa, maana na ninyi mlikuwa hamwelewi. Tulikuwa tunaenda kuzika kila Jumamosi, na hakuna mtu mzima aliyetuambia kwa nini.

Tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Baba alikuwa amezikwa hapo hapo kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, chini ya migomba, baada ya kukohoa muda mrefu sana. Baba mdogo na mkewe walikaa upande wa juu wa kihamba. Tukienda kwao kunywa chai tulikuwa na vikombe vyetu viwili, vya bati, vyenye ua jekundu. Vilikaa peke yake dirishani na havikuguswa na mtu mwingine. Jamani, nilivyovijivunia vikombe vile! Niliwatambia wenzangu shuleni kwamba kwa baba mdogo tunaheshimiwa mpaka tuna vikombe vyetu. Mama alikuwa anakunywa chai yake haraka haraka, anasema asante, anaviosha mwenyewe na kuvirudisha dirishani. Mimi nilidhani ni adabu.

Na tulikuwa na ng'ombe mmoja, Sikukuu. Ng'ombe wa mlimani, mnajua, haendi malishoni. Malisho ndiyo yanamfuata bandani. Kila siku ya pili mama alishuka tambarare kukata majani, akapanda na mzigo kichwani. Mwaka ule mzigo ukaanza kupungua. Ukapungua tena. Halafu akawa anapumzika njiani mara tatu, mara nne, na siku moja akarudi na panga na kamba tu. Akakaa kizingitini, jasho linamtoka, akasema, "Majani yamenishinda."

Basi Sikukuu akapelekwa kuwekwa. Kwetu ng'ombe akikushinda humuuzi, kama una akili. Unamweka kwa mtu unayemwamini. Huyo atamlisha, atakunywa maziwa, atachukua mbolea, lakini ng'ombe anabaki wako na ndama ni wako. Mtu tuliyemwendea alikuwa Mama Salma wa Shirimatunda, huko chini mjini, fundi cherehani, rafiki mkubwa wa mama. Mama yake alikuwa Mpare, baba yake Mnyamwezi, na mwenyewe ukimuuliza kabila anakwambia ni Moshi mjini. Alikuwa na banda tupu nyuma ya nyumba, na watu wa Chekereni walikuwa wanamletea mabua ya mpunga. Yeye na mama walijuana hospitali, kwenye benchi la kila Jumatano. Niliambiwa ni benchi la wenye presha.

Tulimswaga Sikukuu asubuhi nzima mpaka kule. Mama Salma alitupokea na nyuzi zimemning'inia shingoni, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba na kunibana mashavu. Kisha mama akaanza kumkabidhi ng'ombe. Kukabidhi ng'ombe si kutoa kamba tu, ni kutoa na tabia zake.

"Anakamuliwa upande wa kulia," mama akasema. "Ukikaa kushoto, ndoo utaiokota kwa jirani."

"Kulia," Mama Salma akarudia, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Maji ya baridi asubuhi hanywi. Yapashe kidogo."

"Makubwa! Ng'ombe wa kupashiwa maji!"

"Wewe cheka. Akigoma kula usimpige, ana jambo, mkague kwato. Na akisikia radi, kaeni naye. Mwongeleshe chochote. Ukimwacha peke yake atakata kamba."

"Nitamwongelesha nini mimi, na Kichagga sikijui?"

"Anajua Kiswahili. Amesoma huyo."

Walicheka mpaka Mama Salma akapaliwa na kikohozi. Sikucheka. Niliona mama anamkuna Sikukuu nyuma ya masikio, anamkuna tu, haachi, na nikajua ana huzuni, na nikakasirika kwamba anacheka huku ana huzuni. Watu wazima walikuwa wananichosha kwa tabia hiyo.

Siku chache baadaye mama akarudi kutoka kwenye benchi lake la Jumatano na kaunta buku mpya. Akachemsha unga wa ngano ukawa gundi, akaifunika kwa kaki vizuri kuliko alivyowahi kufunika daftari langu lolote. Akaanza kuandika. Aliandika mchana, kwenye mwanga wa mlango wa jikoni, ulimi nje kidogo pembeni ya mdomo. Nikitokea, anaikalia.

"Mama, unaandika nini?"

"Mapishi."

Mapishi! Mwanamke aliyekuwa anapika kiburu, ndizi na maharage, kwa kunusa sufuria tu! Nilijua nimedanganywa, na mtoto akijua amedanganywa atatafuta. Siku mama aliposhuka mferejini kuteka maji nikapanda kigoda, nikaikuta juu ya kabati, katikati ya Biblia na kitabu cha nyimbo. Nikafungua tu popote. Maneno yale nayakumbuka mpaka leo, na mwandiko wake uliolala kulia.

"Aika hapendi kuguswa kichwa wakati anakula. Maziwa yenye utando hanywi, utoe kwanza. Akigoma kusema usimpige, ana jambo, mpe kazi ya mikono atasema mwenyewe. Anaogopa bata, usimcheke. Akisikia radi, kaeni naye."

Nilisoma mara mbili. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa mjinga. Maneno haya nilishayasikia, tena kwa sauti ile ile, na aliyesemwa siku ile alikuwa na pembe. Basi ni hivyo. Na mimi naenda kuwekwa.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu zilikuwa fupi. Nikajiuliza: Sikukuu aliwekwa kwa nini? Kwa sababu majani yalimshinda mama. Na mimi nakula nini? Nakula ndizi, maharage, ugali, na sahani ya pili nikiachiwa. Kumbe na mimi nimemshinda! Dawa ikawa wazi kabisa: nipunguze kula, niwe mwepesi kulishwa, mama asione sababu ya kunipeleka. Kuanzia siku ile mtori nilikunywa vijiko vitatu tu, kiburu nusu nikamtupia mbwa, uji wa shule nikampa jirani yangu wa dawati. Usiku tumbo lilikuwa linanguruma nami nalibembeleza kwamba tunafanya kazi. Sketi ilipoanza kunishuka kiunoni nilifurahi. Nilijua mpango unakwenda.

Mama naye akaanza kuniangalia. Jioni ananiita karibu na moto, ananipapasa shingo huku na huku. Ananiambia nitoe ulimi, anaumulika kwa tochi. Ananivua blauzi, ananikagua mgongo. Nilikuwa nimeona mara nyingi watu wanavyomkagua ng'ombe kabla hajabadilisha banda, meno, ngozi, kwato. Kila aliponimulika nikazidi kuogopa, na nilivyozidi kuogopa nikazidi kupunguza kula. Na yeye alivyoona nazidi kukonda, akawa ananimulika mara mbili kwa usiku mmoja. Wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja anamwogopesha mwenzake, na hakuna aliyeuliza. Nikikumbuka hapo mpaka leo natamani niwashike wote wawili, yeye na mimi, niwagonganishe vichwa.

Jumatano moja akanivalisha gauni la kanisani, tukaenda wote hospitali. Nikatolewa damu. Niliambiwa ni ya minyoo. Muuguzi akasema majibu Ijumaa, na mama hakuwa na nguvu za kupanda mlima na kushuka tena, kwa hiyo tukaenda kulala Shirimatunda kwa Mama Salma. Tulipokunja kona ya nyumba ile nikajua safari imeisha. Ndiyo hapa nakabidhiwa.

Nikaenda bandani kumwona Sikukuu. Alikuwa amenenepa, anang'aa! Aliniangalia, akaendelea kucheua. Hakunikumbuka, au alijifanya. Nilimchukia sana siku ile.

Mchana Mama Salma akapakua wali na maharage ya nazi. Harufu ile, Mungu wangu. Nikasema nimeshiba. Mama akainamisha kichwa, Mama Salma akamshika bega, wakatoka nje wakiongea chini chini. Nikabaki na Salma, aliyenizidi mwaka mmoja tu lakini anajua kila kitu. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Mbona huli? Kitabu chako kinasema maharage unayapenda," akasema.

"Kitabu gani?"

"Chako, cha kaki. Kipo hapa kwa mama tangu wiki iliyopita. Changu kipo kwa mama yako, wamebadilishana. Nimekisoma chako. Unaogopa bata!"

"Kwa nini wamebadilishana?"

"Mama yako akifa, wewe unakuja kwetu. Mama yangu akifa, mimi nakuja kwenu." Alisema hivyo huku anatoa chuya, kama anapanga zamu za kufagia darasa. "Wanaumwa. Hukuambiwa? Ule si ugonjwa wa presha."

Nikauliza swali la pekee lililonijia. "Na wakifa wote wawili?"

Salma akatikisa ungo, akafikiri. "Haiwezekani," akasema. "Wameshakubaliana."

Salma huyo huyo, tulipofika kwenye habari za vikombe vyenye ua jekundu, ndiye aliyenieleza vilikuwa vya nini, watu wasiambukizwe. Nikacheka. Sijui nilicheka nini. Kwa dakika moja nzima nilikuwa na furaha kubwa: kumbe sijamshinda mama, kumbe hanitupi! Kisha ile nyingine ikaingia, kwamba mama anaweza kufa, na furaha ikakataa kutoka, zikakaa zote mbili zinasukumana. Nikala sahani tatu za wali huku nalia na kucheka. Salma aliniambia nina wazimu, na hakukosea. Mama aliporudi akaona nakula, akakimbilia chooni. Nilisikia analia huko, nikadhani nimekosea tena.

Ijumaa tulikaa kwenye benchi wanne. Muuguzi alituita, mimi na mama, akafungua faili, akasema, "Mtoto hana kitu. Damu safi. Huyu ana njaa tu, Mama Aika, huyu mtoto hali?"

Mama akainuka. Alitoka, akafika katikati ya korido, akakaa chini kwenye sakafu na gauni lake jeupe. "Yesu wangu! Yesu wangu!" Mama Salma akaja mbio, alipoambiwa akapiga magoti naye, "Alhamdulillahi," wakashikana pale chini wanalia kwa sauti. Mimi niliona aibu, watu wanatutazama. Sina kitu, sasa kilio cha nini? Nilikuwa sijajua kwamba kwa majuma matatu mama alikuwa anaamini amenipa ugonjwa wake. Alinihesabu mbavu akadhani anahesabu kosa lake.

Alipopata pumzi akanivuta mkono. "Kwa nini huli? Sema ukweli."

"Majani yalikushinda," nikasema. "Nikaona mimi nisikushinde."

Akanichapa kofi la mgongo, la nguvu kweli, halafu papo hapo akanikumbatia mpaka nikakosa hewa. Hapo pia sikuelewa, kofi na kumbatio, nipokee lipi. Akaninong'oneza sikioni, "Ng'ombe wa kuwekwa ni wa nani?"

"Wa mwenyewe."

"Hata akikaa kule miaka kumi?"

"Hata miaka kumi."

"Basi acha ujinga. Kula."

Nilisubiri aniambie kwamba hatakufa. Nilisubiri mpaka tulipofika getini. Aliniuliza kama nataka andazi.

Masika yale mama akalala kitandani. Mama Salma alikuwa anapanda mlima kuja kumwogesha, na yeye mwenyewe anakohoa, anapumzika chini ya kila mgomba. Kisha dawa zikaanza kutolewa, zile za kupunguza makali, na wote wawili wakaandikishwa siku moja. Mama alikaa. Akasimama. Akaomba chumvi kwenye mtori. Mama Salma alimeza zile zile, saa zile zile, lakini ugonjwa ulikuwa umemtangulia mbali. Tulipopata habari tukashuka haraka, tukakuta ameshazikwa, maana wenzetu Waislamu hawalazi maiti. Salma alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, ameshika ungo mtupu.

Nitasema jambo nisilowahi kumwambia mtu. Nilifurahi. Nilimpenda Mama Salma, nilikuwa nimejifunga kanga yake, na nilifurahi kwamba ni wake na si wangu. Nililia sana siku ile, watu wakanisifu nina huruma. Nusu ya machozi yale sijui yalikuwa ya nini.

Salma akaja kwetu. Alipanda na begi mgongoni, kamba ya Sikukuu mkononi, na kaunta buku yangu kwapani. Mama aliipokea, akairudisha juu ya kabati. Ya Salma akaiweka mezani jikoni, wazi, ameibana kwa kibiriti. Na akaifuata! Salma hali dagaa wenye vichwa, vichwa vikatolewa. Salma analala taa ikiwaka kidogo, kibatari kikaachwa. Salma asome Kurani, basi kila Jumamosi mama, mke wa Mlutheri, alimshusha mpaka madrasa, akakaa nje ukutani akifuma kitambaa mpaka watoke. Kitimoto, yaani nguruwe, kikahama nyumbani kwetu. Krismasi mbuzi alichinjwa na Mwislamu aliyeitwa kutoka chini, na wazee wakaguna.

Baba mdogo hakuishia kuguna. "Mtoto anakaa chini ya paa lako, Mama Aika. Apelekwe akabatizwe, awe wako kabisa."

"Shemeji, huyu si wangu," mama akasema. "Nimewekewa."

Baba mdogo akachukua fimbo yake akaenda zake. Hakuna mtu wa kwetu awezaye kubisha neno hilo, labda awe mwizi wa ng'ombe.

Na mimi? Mimi niliona wivu, ndiyo. Kitabu cha Salma kinasomwa kila siku, changu kimelala na Biblia. Siku moja nikasimama jikoni na kikombe changu. "Na mimi sipendi utando. Imeandikwa."

"Najua," mama akasema, akaendelea kutoa utando kwenye maziwa ya Salma. "Si niliandika mimi?"

Ilinichukua miaka mingi kulielewa jibu hilo, na hata sasa kuna siku nalielewa, kuna siku silielewi.

Sasa turudi kwenye kaki. Siku ile ya Januari, baada ya mume wangu kuondoka mlangoni, nikasikia kandambili zinaburuzwa. Mama. Anakaa na sisi mjini siku hizi, mvi kichwa kizima, anameza vidonge vyake saa mbili kamili redio ikisoma habari, na ole wake atakayeongea wakati huo. Akanitazama nilivyolowa uso, hakuuliza. Akaingia chumbani, akarudi na kaunta buku ile, kaki imechanika pembe zote.

"Na hii ifunike. Imechakaa."

"Niisome?"

"Kwani nimekufa?"

Nikaifunika bila kuifungua. Nilikunja pembe vizuri, kama alivyokuwa anakunja yeye. Jioni wingu likashuka kutoka mlimani, radi ya kwanza ikapiga, na simu yangu ikalia. Sikuangalia jina. Ni Salma, yuko Dodoma na watoto wake. Tangu tuwe na simu, akisikia tu kwamba Moshi kuna mvua, hupiga.

"Inapiga huko?"

"Inapiga."

"Uko na nani?"

Nikageuka. Mama alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, na bila kuniangalia alikuwa ameshasogeza kigoda chake mpaka magoti yetu yamegusana.

"Niko na mama," nikasema.

"Haya," Salma akasema, "basi kaeni."